MBAAZI, KUNDE NA SOYA KWENYE CHAKULA CHA KUKU: NINI KINATOKEA TUMBONI?

Leo naweka hapa mada ya kutunza. Kama uko kafe na dakika zako zinahesabika, iprinti au inakili kwenye daftari, maana ni ya kurudia kila unapochanganya chakula.

Mada yenyewe ni mbegu za jamii ya kunde kwenye chakula cha kuku. Vijana wengi tuliomaliza shule tumeingia kwenye kuku: wa kienyeji, chotara, kuroiler, sasso na wa nyama. Soko lipo, mabasi ya kaskazini yanapumzika Korogwe na Mombo na watu wanataka chipsi kuku. Tatizo ni chakula. Kwenye ufugaji wa ndani, chakula peke yake kinakula kama asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Sasa mtu anaangalia dagaa wamepanda, mashudu yamepanda, halafu nyumbani kuna gunia la mbaazi. Anasema, si protini hii hii? Anasaga, anachanganya, anawapa. Wiki mbili baadaye vifaranga wamedumaa, banda limelowa, na mtaji unayoyoma.

Mbaazi siyo mbaya, jamani. Ila inataka kueleweka. Twende taratibu.

1. KWA NINI MBEGU HIZI ZINAVUTIA

Handeni mvua haitabiriki, na mbaazi na kunde zinavumilia ukame kuliko mahindi. Ndo maana mkulima anazichanganya shambani, mahindi yakikataa angalau kunde zimetoka. Korogwe nako zipo, na maharage yanashuka kutoka milima ya Lushoto. Soya ndo haba kwetu, nyingi inatoka mikoa kama Ruvuma.

Ukiangalia protini (makadirio ya kawaida, mbegu kavu):

- Mahindi: 8 hadi 9%
- Mbaazi: 20 hadi 22%
- Maharage: kama 22%
- Kunde: 23 hadi 25%
- Soya: 36 hadi 40%
- Mashudu ya alizeti: 20 hadi 35%, inategemea maganda yaliyobaki
- Dagaa wakavu safi: 50% na zaidi

Pia mbegu hizi zina laisini nyingi, kiungo cha protini ambacho mahindi yanakikosa. Kwa hiyo mahindi na kunde wanasaidiana. Upungufu wake ni methionini, kiungo kingine ambacho kuku anakihitaji kwa manyoya, nyama na mayai. Likumbuke neno hilo, tutalirudia.

Halafu kuna suala la bei. Mwezi Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini kwake. Bei kwa wakulima wa Tanzania ikaporomoka vibaya, watu wakabaki na magunia ndani. India ilikuja kulegeza masharti hayo mwaka 2021. Fundisho la pale ni kwamba ukiwa na kuku na ukajua kuandaa mbaazi, gunia lililokosa mnunuzi linaweza kutoka shambani likiwa kuku. Usipojua kuandaa, utapata hasara mara mbili.

2. TUMBO LA KUKU KWA KIFUPI

Kuku hana meno. Chakula kinaingia kwenye gole, kinalainika pale, kinashuka kwenye tumbo dogo lenye tindikali, halafu kinasagwa kwenye firigisi kwa msaada wa changarawe. Baada ya hapo kinaingia utumbo mwembamba. Kwenye kona ya kwanza ya utumbo huo, ukichinja kuku utaona kipande cheupe-pinki kama utepe kimelala katikati. Hiyo ndo kongosho. Inamwaga vimeng'enya vya kuvunja chakula, na kimojawapo kinaitwa tripsini, kazi yake ni kukata protini.

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vidole vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ukuta umekuwa kama taulo. Hivyo ndo vinavyofyonza chakula kwenda kwenye damu. Mwishoni kuna vifuko viwili vilivyoziba upande mmoja, humo bakteria wanachachusha mabaki.

Kuku mwenye tumbo zima anageuza chakula kuwa nyama. Mwenye tumbo bovu anageuza chakula kuwa mbolea. Tofauti ni hiyo tu.

3. MBEGU INAJILINDA

Mbegu haikuumbwa iwe chakula cha kuku, imeumbwa iote. Kwa hiyo inabeba silaha zake dhidi ya wadudu na wanyama. Kwa mbegu za jamii ya kunde silaha kubwa ni hizi tano.

(a) Vizuia tripsini. Vinaishika tripsini na kuifunga isifanye kazi. Protini inapita bila kukatwa. Mwili ukiona tripsini imepungua, unaiamuru kongosho itoe nyingine, na nyingine tena. Kongosho inavimba kwa kazi. Na vimeng'enya hivyo vyenyewe vimetengenezwa kwa viungo vyenye salfa kama methionini, vikitoka na kinyesi vimepotea. Umeona hapo? Mbegu ambayo tayari ina methionini kidogo inamfanya kuku apoteze hata ile aliyonayo. Soya mbichi ndo bingwa wa mchezo huu. Jambo hili siyo jipya: mwaka 1917 Osborne na Mendel wa Marekani walionyesha kwamba panya hawakui vizuri kwa soya mbichi mpaka ipikwe. Mwaka 1945 Kunitz akafanikiwa kutenga kizuia tripsini cha soya kikiwa safi.

(b) Lektini. Hizi zinajibandika kwenye vile vidole vya utumbo na kuviharibu. Ufyonzaji unashuka, na bakteria wabaya wanapata mahali pa kushika. Maharage mekundu mabichi yana nyingi sana, hata binadamu akila machache yasiyoiva anatapika na kuhara. Mbaazi na kunde zina kidogo kuliko maharage.

(c) Tanini. Ule ukakasi wa ganda. Zinashikana na protini na kuifanya isimeng'enyeke. Kanuni rahisi: mbegu yenye ganda jeusi au jekundu iliyokolea kwa kawaida ina tanini nyingi kuliko nyeupe. Kwa hiyo mbaazi nyeupe ni salama kuliko za kahawia.

(d) Faiteti. Hii inafunga fosforasi, kalsiamu na zinki. Kuku hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua, ndo maana viwanda vya chakula vinaongeza fitasi, kimeng'enya kilichoanza kuuzwa kwa kazi hiyo mwaka 1991.

(e) Sukari za gesi. Rafinozi na stakiozi. Ndizo zinazofanya binadamu ale maharage halafu aombe nafasi ya dirishani kwenye basi, teh teh! Kuku hana kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika mwisho wa utumbo mzima mzima, bakteria wanazichachusha, gesi inajaa na kinyesi kinakuwa majimaji.

Hiyo (e) watu wanaidharau, kumbe ndo inaua kwa mlango wa nyuma. Kinyesi cha maji kinalowesha maranda. Maranda yakilowa, vijidudu vya koksidiosisi vinakomaa haraka, vifaranga wanaanza kuhara damu. Amonia inapanda, macho na vifua vinaumwa, nyayo zinapata vidonda. Chanzo ni chakula, anayeonekana ni ugonjwa.

Tuwe wa haki pia. Kwa kiasi kidogo na zikiwa zimeandaliwa, nyuzinyuzi na hizo sukari zinawalisha bakteria wazuri kwenye vile vifuko viwili, nao wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Hasara inakuja na wingi na ubichi.

4. DALILI, NA USIMSINGIZIE JIRANI

Wahenga walisema mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Mfugaji naye kuku wakidumaa anasingizia mbegu ya vifaranga, hali ya hewa, hata jicho la jirani. Angalia hivi:

- Vifaranga wa siku moja wanapishana sana ukubwa, wanakula sana lakini hawakui, kinyesi ni laini chenye chembe za chakula, manyoya ni hafifu: shuku chakula.
- Kinyesi chenye damu, vifaranga wamejikunyata mabawa chini: shuku koksidiosisi.
- Kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda, vifo vya ghafla kwa kuku wengi: shuku mdondo (kideri). Hapo hata uwe na chakula cha Ulaya hutapona. Chanja mapema na rudia kila miezi 3 kwa chanjo ya matone ya jicho ya I-2.
- Kinyesi cheupe kimeganda sehemu ya haja kwa vifaranga wa wiki mbili za kwanza: shuku homa ya matumbo ya vifaranga au baridi, mwite mtaalamu.

Ukichinja au kuku akifa, mwangalie kongosho na umlinganishe na kuku mwenzake wa umri huo aliyekula chakula cha kawaida. Ikiwa nene kuliko kawaida kwa kuku wengi wanaokula soya au maharage, chakula hakijaiva.

Kosa kubwa ninaloliona mitaani ni kukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki kila kuku akiharisha. Antibayotiki haiiivishi mbaazi! Unaua bakteria wazuri, unazoesha wabaya dawa, na mlaji anakula masalia kwenye nyama na mayai. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na tangu hapo dunia imehangaika kulinda tumbo la kuku kwa chakula na usafi.

5. JINSI YA KUANDAA

Sisi wenyewe mbaazi za nazi tunazila asubuhi na mandazi, lakini hakuna anayetafuna mbaazi kavu. Kuku naye apewe heshima hiyo.

Mbaazi, kunde na maharage:
1. Chambua. Toa mawe, zilizooza na zenye ukungu.
2. Loweka usiku mzima kwenye maji mengi. Asubuhi maji yale MWAGA, usiwape kuku. Yamebeba sehemu ya tanini na sukari za gesi.
3. Weka maji mapya, chemsha mpaka yatokote kabisa na mbegu ibonyee kwa vidole. Mbaazi na kunde zihesabie dakika 30 hadi 40 za kutokota. Maharage mpaka yaive kama ya kula watu.
4. Mwaga maji, anika kwenye turubai safi siku 2 au 3 za jua kali, mpaka mbegu ikigongwa ipasuke, isibonyee.
5. Paraza, usisage unga laini.

Moto wa kuvuta-vuta usiotokotesha ni hatari kwa maharage, hasa mekundu. Lektini inabaki na wewe unadhani umepika.

Soya: chemsha kama dakika 30 tangu maji yatokote, au kaanga kwenye chuma ukikoroga bila kuacha mpaka ibadilike rangi kuwa ya dhahabu na inukie. Ikiwa nyeusi umeunguza, na laisini imeharibika. Mbichi ni hasara, iliyoungua nayo ni hasara.

Kipimo cha mtaani cha soya: chukua kijiko cha unga wa soya uliyoiandaa, kijiko cha mbolea ya urea, maji kidogo, changanya kwenye chupa, funika dakika 20, halafu fungua unuse. Soya isiyoiva bado ina kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, harufu itakupiga puani. Isiponuka, joto limefanya kazi. Huo mchanganyiko tupa shimoni, kuku wasiuguse. Kumbuka kipimo hiki hakikuambii kama umeunguza, rangi ndo inakuambia.

Kama kuni ni shida: kuotesha siku 2 au 3 kunapunguza sukari za gesi na faiteti, na kukoboa ganda kunapunguza tanini. Ila vizuia tripsini na lektini vinataka moto. Kwa soya na maharage usikwepe moto.

6. KIASI GANI

- Vifaranga chini ya wiki 4: mbichi HAPANA. Iliyopikwa, isizidi kilo 10 kwenye kila kilo 100.
- Wanaokua na wakubwa: mbaazi au kunde iliyopikwa, kilo 10 hadi 20 kwenye kila 100.
- Anza kidogo kidogo kwa wiki nzima. Tumbo halipendi kushtukizwa.
- Weka changarawe kwa kuku wa ndani, firigisi iwe na kitu cha kusagia.

Mfano wa kilo 100 kwa kuku wanaokua:

Mahindi yaliyoparazwa 45
Pumba za mahindi 15
Mbaazi iliyopikwa na kukaushwa 15
Mashudu ya alizeti 14
Dagaa 7
Chokaa ya mifugo 2.5
Unga wa mifupa 1
Chumvi 0.3
Premiksi 0.2

Hesabu ya protini: mahindi kilo 45 kwa 9% = 4.05; pumba 15 kwa 10% = 1.5; mbaazi 15 kwa 21% = 3.15; mashudu 14 kwa 27% = 3.78; dagaa 7 kwa 55% = 3.85. Jumla 16.33, yaani kama 16%. Inatosha kwa wanaokua. Vifaranga wanataka karibu 20%, usiwape hii. Wanaotaga wanahitaji kalsiamu nyingi zaidi, wawekee maganda ya konokono wa baharini au chokaa kwenye chombo cha pembeni.

Mbona dagaa hatujawatoa kabisa? Kwa sababu ya methionini! Dagaa na alizeti ndo wanaoziba pengo la mbaazi. Ukitaka kutoa dagaa wote, ununue methionini ya dukani.

7. JE, INALIPA?

Usiangalie bei ya kilo, angalia bei ya protini. Gawanya bei ya kilo kwa asilimia ya protini. Chukulia mbaazi ni sh. 1,000 na ina 21%: 1,000 ÷ 0.21 = kama sh. 4,760 kwa kilo moja ya protini. Chukulia mashudu ni sh. 700 na yana 27%: kama sh. 2,590. Hapo mbaazi uza, nunua mashudu! Mbaazi ikishuka hadi sh. 400, inakuwa kama sh. 1,900, ongeza kuni na muda, ndo uamue. Weka bei za gulio lako mwenyewe, hizi zangu ni za mfano.

8. VITU VYA KUKATAA KABISA

- Mbegu zenye ukungu, hasa karanga na mashudu yake. Mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa mashudu ya karanga, na uchunguzi wa vifo hivyo ndo uliofichua sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, nafaka yao wenyewe. Kupika HAKUONDOI sumukuvu. Kunde zilizobunguliwa bila ukungu zinaweza kutumika zikipikwa, zenye ukungu hapana.
- Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi, na zilizohifadhiwa kwa dawa ya wadudu ambazo muda wake wa kusubiri haujaisha.
- Upupu. Una sumu isiyoondoka kwa kuchemsha mara moja.
- Mbarika (nyonyo). Siyo jamii ya kunde lakini sumu yake ni ndugu wa lektini, kali kuliko zote nilizotaja.

KWA KUMALIZIA

Kama huna uhakika, jaribu kwanza. Tenga vifaranga 10 wale mchanganyiko wenye mbaazi, wengine 10 wa umri ule ule wale cha kawaida. Wapime kwa mzani kila wiki kwa wiki 4, angalia maranda kama ni makavu, andika kwenye daftari. Bora upoteze kilo moja kwenye majaribio kuliko banda zima. Na afisa mifugo wa kata yako analipwa kwa kodi yetu, mtumieni jamani.

Wenye uzoefu wa Mkata, Kabuku, Segera, Magoma na kwingine mwageni hapo chini: mnapika vipi, mnaweka kilo ngapi, na kuku walitoka na uzito gani. Matusi baki nayo nyumbani, namba leta.

Naomba kuwasilisha.